Sahani ya Pili

Mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Ndivyo mlivyomwacha Onesmus Ndunda mlangoni pa baa ya Kwa Kengele, na ndivyo alivyosimama juma zima huku ninyi mkienda sokoni, kanisani na kwa kinyozi. Mwoneeni huruma jamani. Mzee ana goti bovu.

Kilichomgandisha mnakijua. Juu ya kaunta ya baa ile kuna safu ya vikombe vya bati vinavyoning'inia kwenye ndoano, na chini ya safu hiyo alikuwa ameketi mwanamke mgeni, anakunywa bila wasiwasi. Kikombe alichokishika hakikuwa cha baa.

Kilikuwa cha Mumo.

Na wewe unayeingia leo kwa mara ya kwanza, karibu, vuta kiti. Mumo ni mtoto wa pekee wa Onesmus. Aliondoka kwenye baa hiyo hiyo miaka minne iliyopita, baada ya kugombana na baba yake mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuna Machakos nzima aliyemtia machoni. Kikombe chake kikabaki kwenye ndoano. Mzungu aliyeijenga baa ile alishakwenda zake zamani, lakini aliacha sheria moja inayofuatwa bila polisi: kikombe cha mtu hakinywewi na mwingine. Mwenyewe asipokuja, kinakaa na vumbi lake.

Sasa vumbi lilikuwa limefutwa.

"Weka hicho kikombe chini," Onesmus akasema.

Mwanamke akageuka. Alikuwa kijana, gauni la maua, kitambaa shingoni, viatu vimejaa vumbi jekundu la mbali.

"Unasema na mimi?"

"Nasema na mwenye kunywa kwa kikombe kisicho chake."

"Kwani ni chako, mzee?"

"Ni cha mwanangu!"

Baa nzima ikasikia. Kalunde, mhudumu, akasimama na sinia katikati ya meza. Reuben, mwenye baa, akaacha kupangusa glasi. Hata Mahad, yule mfanyabiashara wa mbuzi ambaye huja kila Jumamosi kula samaki na chipsi na soda ya tangawizi, alishika chipsi moja hewani, haijui kama inaliwa au inarudi.

Mnadhani mwanamke alijitetea? Hakujitetea. Alimtazama mzee mara moja tu, kisha uso ukamwanguka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akakiweka kikombe kwenye kaunta kwa mikono miwili. Akavuta kile kitambaa kutoka shingoni, akajifunika kichwa mpaka nyusi. Akainuka, akaenda meza ya mbali kabisa, karibu na mlango wa jikoni, akaketi akiangalia ukuta.

Mzee akabaki anatazama mgongo.

Mgongo! Onesmus alikuwa gadi wa reli. Miaka yote aliyopeperusha bendera ya kijani steshini ya Konza, kilichokuwa kikimpa mgongo ni garimoshi peke yake.

Akavuta goti lake mpaka kwenye meza yake ya dirishani, akaketi, akajifanya hana haja.

Kalunde hakumwuliza anataka nini. Haulizi siku hizi. Alileta bia ya moto, maana Onesmus alifundishwa na Waingereza wa reli kwamba bia ya friji ni ya watu wasio na ulimi. Akaleta pai ya nyama na figo, viazi vya kuponda, njegere, na ule mchuzi mzito wa kahawia. Akaiweka sahani mbele ya mzee.

Kisha akaleta sahani ya pili, pai ile ile, mchuzi ule ule, akaiweka upande wa pili wa meza. Mbele ya kiti kitupu.

Hicho kiti kilikuwa cha Ndanu, mke wa Onesmus, fundi wa cherehani pale sokoni. Jumamosi mzee alikuwa akitangulia, na Ndanu akimaliza nguo ya mwisho anakuja na uzi bado umemshika kwenye sweta, anakula pai yake huku akiisema. "Hii ni chapati iliyomeza nyama," alikuwa akisema, na anaimaliza yote. Mvua za El Nino ziliposhuka, malaria ikampata, na barabara zikiwa zimekatika walifika naye hospitalini wakiwa wamechelewa.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, Kalunde alileta sahani mbili kwa mazoea. Aliposhtuka na kutaka kuirudisha moja, Onesmus akamshika mkono.

"Wacha tu," akasema.

Na hiyo "wacha tu" haijaisha mpaka leo. Ikipoa, sahani ya pili hufungwa kwenye karatasi ikapewa askari wa geti, ambaye ameanza kulalamika kwamba figo zimezidi.

Mtaniuliza kwa nini mzee asikae nyumbani akajipikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alijaribu. Muthokoi wa mtu mmoja haupikiki. Ukitia kidogo unaungua, ukitia mwingi unakula juma zima kitu kile kile, na hakuna wa kumwambia kwamba chumvi imepungua. Baa angalau kuna kelele za wengine. Unaweza kuzikalia kando kama mtu anayeota moto wa jirani.

"Kalunde," akaita kwa sauti ya chini. "Huyo mwanamke ni nani?"

"Simjui, mzee. Ameingia akaagiza soda. Nikamletea glasi, akaikataa. Akaniambia, nipe kwa kile kikombe kimebonyea mdomo, kiko karibu na dirisha."

Uma ukamtoka Onesmus mkononi.

Kile kikombe kilibonyea siku kilipotundikwa. Mumo alikuwa ndio amepata kitambulisho, baba yake akamnunulia kikombe cha utu uzima, na kijana kwa furaha akakigonga kwenye kaunta kuagiza bia yake ya kwanza. Ndanu alicheka mpaka akashika mbavu. Waliokuwapo walikuwa watatu, na Reuben nyuma ya kaunta.

"Na wewe ukampa?"

"Nikamwambia kina mwenyewe! Akasema, najua, ndiye amenituma."

"Ndiye amenituma! Na ukanyamaza?"

"Mzee, ulikuwa hujafika. Ningekuambia na nini, na bendera?"

Onesmus alikuwa ameshainuka. Goti likalia, hakulisikia. Akafika kwenye meza ya jikoni, akasimama nyuma ya yule mwanamke.

"Wewe. Mwanangu ako wapi?"

Mwanamke akavuta kitambaa chini zaidi.

Mzee akazunguka upande wa kulia ili amwone uso. Mwanamke akageuza kiti kushoto. Mzee akaja kushoto. Kiti kikaenda kulia.

"Mzee Ndunda," Mahad akasema kutoka mezani kwake, "hicho kiti kimekushinda mbio."

Wawili watatu wakacheka. Na hicho ndicho kicheko ambacho Onesmus hakukihitaji siku hiyo. Akapiga meza kwa kiganja.

"Una kiburi cha aina gani? Unakunywa kwa kikombe cha mtoto wangu, halafu hutaki hata kuniangalia? Basi toka! Toka hapa!"

Kicheko kikakatika. Mzee mwenyewe akalisikia lile neno likirudi kutoka kwenye mbao za ukuta, na akalijua.

Maana lilishasemwa hapo hapo. Miaka minne iliyopita alimtafutia Mumo kazi ya reli, Mumo akaikataa. Akasema reli inakufa, na akasema vibaya zaidi: "Baba, hawa wazungu walikufundisha nini zaidi ya kukaa kwa meza ukila polepole na kisu, kama mtu hana kwao?" Watu walicheka siku hiyo pia. Na Onesmus akanyoosha kidole mlangoni: "Toka! Na usikanyage huo mlango mpaka nikuite mimi kwa mdomo wangu." Ndanu alimvuta koti. Mzee hakugeuka.

Sasa huyu mwanamke naye akainuka. Alianza kwenda mlangoni kwa upande upande, kichwa chini, akibana ukuta ili asipite mbele ya mzee.

Kalunde akaliweka sinia juu ya meza ya mtu, kwenye chakula cha mtu, akamshika mkono.

"Ngoja, dada. Usiende." Akamgeukia Onesmus. "Mzee, na wewe ni wa wapi?"

"Unajua mimi ni wa Kivaa."

"Kivaa waliondoa nthoni lini?"

Onesmus akakitazama kile kitambaa.

Kwa msomaji wa Lamu au Kisumu, nikupe hili haraka kabla mambo hayajatukimbia. Nthoni ni ile haya ya heshima inayowekwa kati ya wakwe. Kwa wazee wa kule kwao Onesmus, mke wa mwana na baba mkwe hawali meza moja, hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana, mpaka mzee atoe kitu cha kumfungua, mbuzi au hata shuka, kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya hapo, mwanamke akikutana na baba mkwe njiani anaacha njia.

"Mimi nilipoolewa," Kalunde akasema, "baba mkwe alinijua kisogo kabla hajanijua uso. Huyu hajakudharau, mzee. Mwangalie vile amejifunika. Huyu amekuheshimu mpaka shingo inamuuma. Na wewe unamfuata na kiti!"

Pale kwenye kaunta Reuben akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha jikoni.

Onesmus akarudi nyuma hatua, akarudi tena, mpaka akagonga meza yake mwenyewe. Kushika kisu na uma alikuwa hajasahau hata siku moja. Hili alilofundishwa na mama yake alikuwa amelisahau. Akaketi na kumpa mwanamke mgongo, kama ilivyompasa tangu mwanzo.

Haya. Sasa picha ndiyo hii: mzee anaangalia dirisha, mkaza mwana anaangalia ukuta, na kati yao kuna Kalunde, ambaye mshahara wake ni wa kubeba sahani na leo atabeba maneno.

"Kalunde," Onesmus akasema, na sauti haikuwa ile ya kwanza. "Muulize kama ni... kama ni bibi ya Mumo."

Kalunde akaenda, akainama, akarudi. "Anasema ni yeye. Anaitwa Carol. Watu wake ni wa Katangi, lakini walikutana huko Voi. Anasema alipokuona mlangoni hakujua ni wewe, mpaka ukasema mwanangu. Anasema anaomba msamaha kwa kukuangalia machoni."

"Mwambie hakuna kosa. Muulize..." Akashika ukingo wa meza. "Muulize kama ako hai."

Mnajua, miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka swali hilo. Nyumbani alilizungukia kama mtu anavyozunguka kisima kisicho na kifuniko.

Kalunde akaenda. Akarudi, meno yote nje.

"Ako hai! Anasema anakula kama mchwa."

Baa ikapumua kwa pamoja. Onesmus akafunika macho kwa kiganja, na watu wakajitia kuangalia sahani zao. Mahad akainuka nusu.

"Mzee Ndunda! Kama ni mbuzi wa kumfungulia mtoto, niko nao nje kwa lori. Chagua unayetaka. Hata yule wa madoa."

"Ngoja kwanza na mbuzi, Mahad."

"Nangoja. Lakini wa madoa ana mteja."

"Muulize ako wapi," mzee akasema.

Safari hii Kalunde alikaa zaidi. Aliporudi aliongea polepole, akilitoa kila neno kama yai.

"Ako hapa. Ako nje, kwa pikapu, chini ya jakaranda. Wamesafiri tangu jana. Anasema ulimwambia asikanyage huu mlango mpaka umwite wewe kwa mdomo wako. Kwa hivyo ameketi huko anangoja kuitwa."

Hata mimi nikiwapo ningenyamaza, na ninyi mnanijua.

Onesmus aliweka mikono juu ya meza ainuke. Furaha ilikuwa imemjaa hata hakujua aanze na mguu gani. Lakini yule mwanamke alikuwa bado anamnong'oneza Kalunde kitu, haraka haraka, kwa furaha, kama mtu aliyetua mzigo. Na uso wa Kalunde ulikuwa unafungwa kidogo kidogo, kama duka.

"Amesema nini?"

"Hakuna, mzee."

"Kalunde."

"Amesema..." Kalunde akajipangusa mikono kwenye aproni, na mikono ilikuwa mikavu. "Anauliza mama atakuja saa ngapi."

Mumo hakujua.

Angejulia wapi? Kifo cha Ndanu kilitangazwa redioni kama vinavyotangazwa vyote, jina la marehemu, jina la mume, watoto, na ombi kwa mtoto aitwaye Mumo popote alipo. Lakini kwenye kambi ya wakata mkonge kule Voi redio ilikuwa moja, na mwenye redio alikuwa mtu wa mpira. Simu hawakuwa nayo. Barua hakuandika, kwa sababu aliambiwa atoke, na yeye ni mtoto wa baba yake.

"Anasema Mumo ndiye alipanga," Kalunde akaendelea, sauti imepungua. "Alimwambia, ingia uagize kwa kikombe changu, kaa ungoje. Mama akikiona mkononi mwako atajua, hata kama hujafungua mdomo. Mama ndiye atamlainisha mzee. Kama mzee ameketi na yeye hajafika, usijali, anafunga cherehani. Huwa anachelewa kidogo."

Reuben akageuka akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa.

Onesmus aliangalia sahani ya pili. Mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye ukoko wa pai. Njegere zilikuwa zimekaa kwa mpango, hakuna aliyezigusa.

"Mwambie..." akasema.

Kalunde akangoja.

"Mwambie kwamba..."

Kalunde akangoja zaidi. Msimcheke mzee. Alikuwa amempata mtoto kwa muda wa kunywa funda moja, na mtu aliyekaa na njaa muda mrefu huwezi kumnyang'anya tonge likiwa mdomoni.

"Mwambie chakula chake kiko mezani."

"Mzee!"

"Si uongo. Si kiko?"

"Mzee Ndunda, usinitume hilo."

"Nenda, Kalunde. Mimi mwenyewe nitamwambia Mumo. Niache kwanza nimwone. Nimwone tu."

Kalunde akaenda kwa miguu mizito, akainama, akasema. Na yule Carol masikini akapiga makofi kidogo, vidole kwa vidole, akacheka ukutani. Akasema jambo lingine. Kalunde alilileta bila kumtazama mzee.

"Anashukuru Mungu. Anasema Mumo atafurahi, maana amewaletea mtoto. Msichana."

Onesmus hakuuliza jina. Kwa Wakamba msichana wa kwanza anaitwa kwa jina la mama ya baba yake. Jina lilikuwa likimngoja kabla hajazaliwa.

Alipogeuka, kile kiti cha karibu na jikoni kilikuwa kitupu. Carol alikuwa amepita mlango wa jikoni ili asikatize mbele yake, na sasa alikuwa nje anakimbia kupeleka habari njema.

"Mrudishe! Kalunde, mrudishe!"

"Nimrudishe vipi? Huyo amefika!"

Mzee akakamata kiti, akakamata meza, akasimama. Mahad alikuja akamshika kiwiko bila utani wowote. "Pole pole, mzee wangu."

"Onesmus," Reuben akasema kutoka kaunta. Hakuwahi kumwita kwa jina lake la kwanza. "Mwite mtoto. Mshike. Hayo mengine umwambie ukiwa umemshika."

Akaenda mlangoni akijisemea maneno, akiyapanga. Mumo, mama yako. Hapana. Mumo, ile mvua kubwa. Hapana. Alipofika kizingitini jua likampiga usoni na maneno yote yakamwagika.

Pikapu ilikuwa pale, imepakwa vumbi jekundu mpaka juu ya vioo. Carol alikuwa upande wa pili wa gari, amejificha kiheshima. Na mbele ya gari alisimama mwanamume mwembamba mwenye ndevu chache, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Mabega yalikuwa ya Onesmus. Kicheko kilichokuwa kikimchezea mdomoni kilikuwa cha Ndanu.

Hakusogea. Aliangalia kizingiti, akamwangalia baba yake. Alikuwa anangoja.

Kuita huko Onesmus alikufanyia mazoezi. Jioni, nyumbani, akiwa na taa moja, alikuwa akilitamka lile jina kwa sauti ili asikie linavyokaa. Mumo. Nyumba haikuwahi kuitika.

"Mumo!" akaita. Ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, sauti ya gadi kwenye jukwaa la steshini. "Mwana wakwa. Njoo ndani."

Mumo akaficha uso kwenye mkono wa shati. Kisha akageuka, akamshusha mtoto kutoka kwenye boneti ya gari: kasichana ka miaka mitatu hivi, nywele zimesukwa, viatu vipya vinavyomsumbua. Akamshika mkono, wakaja.

Akasimama hatua moja kutoka kwa baba yake. Lakini macho yake yalishapita juu ya bega la mzee, yakaenda dirishani. Kwenye kile kioo meza ilionekana vizuri. Sahani mbili. Mvuke.

"Bado mnakula pai!" akasema, na akacheka huku machozi yanashuka. "Bado mnaagiza mbili! Nilimwambia Carol, nikamwambia, wale hawawezi kubadilika."

"Mumo, ngoja nikuambie kitu."

"Hapana, baba, niache mimi nianze. Nimekosa. Ile siku niliongea kama mtu hana wazazi."

"Mumo..."

"Baba, nimefanya mazoezi njia yote kutoka Voi, usinikatize. Nilikutukana mbele ya watu, nitakuomba msamaha mbele ya watu. Lakini wacha kwanza mama aone huyu." Akachuchumaa kando ya mtoto, akanyoosha kidole. "Ndanu. Unaona ile meza ya dirisha? Enda mbio, umsalimie mwenye jina lako. Umwambie Ndanu mdogo amefika."

Onesmus akanyoosha mkono kumzuia. Goti likakataa. Mtoto akapita chini ya mkono kama anayepita chini ya kamba ya nguo.

Viatu vyake vilisikika kwenye sakafu ya mbao, ta-ta-ta-ta, mbio, vikapita kaunta, vikapita meza ya Mahad, vikaenda dirishani.

Vikasimama.

Hakuna mtu mzima mmoja mle aliyejua afanye nini na mikono yake.

Halafu viatu vikaanza kurudi. Safari hii vilitembea.

"Baba," mtoto akasema pale mlangoni, "kule kuna chakula tu."

Mumo alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu la mtu anayengoja kumaliziwa mzaha. Akaangalia dirisha. Akamwangalia Kalunde, aliyekuja mpaka mlangoni na aproni mdomoni. Kisha akamwangalia baba yake, sawasawa sasa, kwa mara ya kwanza tangu afike: kola, kifua, ule mstari wa vifungo kwenye shati jeupe. Vyeupe vitatu, kisha kimoja cheusi, kimeshonwa kwa uzi wa kahawia, kimekaa upande.

Alikuwa mtoto aliyekulia chini ya cherehani. Mume wa fundi Ndanu hakuwahi kutoka nyumbani kwake hivyo, hata siku ya kwenda shamba.

Akainuka pole pole. Mkono wake ukaenda ukakigusa kile kifungo cheusi.

"Baba," akasema, "hii kifungo ni nani alikushonea?"